Samaki wa faiba akikataa: dalili, chanzo na tiba kwa fundi wa Dodoma

Kasoro nyingi za samaki wa faiba huonekana siku ya kupiga rangi, ila hazikuanzia kwenye rangi. Rangi inayobanduka kwa ukucha ilianza kukataa siku ile nta ilipopakwa kwenye kalibu, yaani umbo lenye alama za samaki ambamo nakala hutolewa, kisha ganda likatolewa bila kuoshwa. Jelikoti iliyojikunja, lile tabaka la nje linalopakwa kwanza kwenye kalibu, iliharibika dakika rezini, kimiminika kinachoganda na kujenga ganda, ilipoikuta bado nyembamba. Kwa hiyo ukiona dalili, usikimbilie msasa na bodifila. Rudi nyuma hatua moja au mbili, na ujiulize pia siku ile kulikuwa na joto gani, maana hapa Dodoma hali ya hewa inafanya nusu ya kazi na inaharibu nusu nyingine.

Nazungumzia nakala ya samaki wa kumbukumbu. Sangara aliyevuliwa Mwanza, akapimwa urefu na mzingo, akapigwa picha, na sasa mwenyewe anamtaka sebuleni. Au kambale wa bwawa la Mtera ambaye mwenye mgahawa anataka wageni wamwone kabla hawajaagiza. Ndani ya nakala hamna ngozi wala mfupa. Ni ganda la rezini na nyuzi za kioo lililotoka kwenye kalibu, likaungwa, likawekwa mapezi na macho, likapakwa rangi. Halinuki, haliliwi na wadudu, na likitengenezwa vizuri linakaa miaka mingi. Hatua zenyewe nachukulia unazijua. Hapa ni pale zinapogoma.

Jambo la kwanza kuangalia: joto na umri wa rezini

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Oktoba na Novemba mchana hupita nyuzi 30. Juni na Julai usiku hushuka hadi karibu nyuzi 13. Watengenezaji wa rezini ya poliesta hutoa vipimo vyao kwa nyuzi 25, na joto likipanda nyuzi 10 muda wa kuganda hupungua karibu nusu. Maana yake kipimo kilekile cha hadena, kemikali inayoigandisha rezini, kilichokupa dakika 20 asubuhi ya Julai kitakupa dakika chache tu saa nane mchana wa Novemba. Fundi anayefuata kipimo cha mwenzake wa Dar es Salaam bila kuangalia saa wala kipimajoto atalaumu rezini mwaka mzima.

Kiwango cha hadena ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Pima kwa mizani ndogo au bomba la sindano, si kwa kifuniko cha chupa. Siku ya joto shuka karibu na 1, siku ya baridi panda karibu na 2, na usitoke nje ya hapo. Chini ya asilimia 1 rezini haikomai hata uiache mwezi. Ukizidisha sana inaganda haraka lakini inabaki dhaifu, kwa sababu hadena iliyobaki ndani inailainisha. Kama baridi bado inakushinda, pasha chumba moto, usiongeze hadena.

Rezini nayo ina umri. Ikihifadhiwa kivulini hukaa miezi michache. Kwenye stoo ya bati inayochemka mchana kutwa inaanza kuganda yenyewe bila kutiwa chochote. Inamisha kopo: ikitoka kwa mabonge yanayoteleza, hiyo imekwisha, na staireni, kiyeyusho cha rezini, haitaifufua. Ukinunua rejareja kwenye madumu yasiyo na lebo, fanya jaribio kabla hujaigusa kalibu: gramu 100 za rezini, gramu 1.5 za hadena, saa mkononi. Jaribio hilo ni rahisi kuliko kumtupa samaki mzima.

Na hili halina mjadala. Kama rezini yako bado haijatiwa kobalti, kichocheo kinachoiwezesha hadena kufanya kazi, kobalti na hadena zisikutane zenyewe kamwe, wala kwenye kikombe kimoja wala kijiko kimoja. Zikichanganyika moja kwa moja hulipuka au huwaka. Kobalti ikorogwe kwanza ndani ya rezini mpaka ipotee kabisa, ndipo hadena ifuate. Bora zaidi nunua rezini ambayo tayari imetiwa. Hadena ikikurukia jichoni osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi na uende hospitali hapohapo. Inaweza kupofusha. Miwani ya kazi ivaliwe kuanzia unapofungua chupa.

Uso wa kalibu ni laini, una matundu, au magamba hayaonekani

Hapa ndipo samaki wengi hufia, na fundi hajui mpaka wiki mbili baadaye.

Kama plasta inatoka unga ukiipitisha kidole, chanzo ni ute. Kambale ana ute mwingi mno, na hata akifa anaendelea kuutoa. Ute ukibaki, plasta iliyoigusa ngozi haigandi sawasawa. Msugue kwa maji ya shabu au siki, kwa sponji, kuelekea mkiani, mpaka ngozi isiteleze tena mkononi, kisha msuuze kwa maji mengi. Wengine hutumia chumvi. Inafanya kazi, ila isiposuuzwa vizuri inaleta tatizo lingine: chumvi huharakisha plasta. Hata maji ya visima vingi vya huku yana chumvi ya kutosha kukuonjesha jambo hilo. Kama plasta inakuganda mkononi kabla hujaimwaga, jaribu kuikoroga kwa maji ya mvua au ya chupa kabla hujamlaumu muuzaji.

Matundu madogo ya duara ni hewa. Nyunyiza unga wa plasta ndani ya maji, usimwage maji juu ya unga. Uache unywe maji kwa dakika moja bila kuugusa, kisha koroga polepole mkono ukiwa chini ya uso wa maji. Tabaka la kwanza lipakwe kwa brashi laini, kuingia kila gamba, kila ukingo wa shavu, pembe za mdomo. Baada ya hapo ndipo umwage lililobaki.

Angalia pia umenunua nini. Unga wa jipsamu wa kuzibia maungio ya dari sio plasta ya kumimina. Umechanganywa na gundi na vitu vya kuchelewesha, hauwi mgumu na hauchukui alama ndogo. Jasi mbichi nayo haisaidii. Itigi kuna jasi ardhini, lakini ukiisaga tu na kuitia maji haigandi. Lazima ichomwe kwenye joto la karibu nyuzi 150, ipoteze robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake, ndipo inakuwa plasta.

Tumbo likiwa limebonyea kwenye kalibu, samaki alipasuliwa kabla hajafika kwako. Hilo halirekebishiki vizuri baadaye. Mwambie mvuvi mapema kwamba unataka samaki mzima, asitolewe matumbo, afungwe kwenye mfuko na alazwe ubavu ule usiotaka uonekane, juu ya barafu nyingi. Safari ya kutoka Mtera ni zaidi ya kilometa 100, na samaki aliyekunjwa kwenye ndoo atafika amekunjika hivyohivyo. Kambale hupumua hewa na hukaa hai saa nyingi nje ya maji, kwa hiyo hakikisha amekufa kweli na amelegea. Kama alikuwa kwenye friza, myeyushe kabisa na umkaushe. Samaki mwenye barafu ndani hutoa jasho chini ya plasta, na hapo unarudi kwenye uso ule wa unga.

Ganda linanata na halikauki

Kuna kunata kwa aina mbili, na tiba zake ni tofauti kabisa.

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe asetoni kidogo, pangusa upande wa nyuma wa ganda. Kama unanata juujuu tu lakini ukikwaruza kwa ukingo wa sarafu chini ni kugumu, hiyo ni kawaida. Oksijeni ya hewani huzuia poliesta kukomaa pale inapogusana nayo, na rezini ya kujengea huachwa hivyo makusudi ili tabaka linalofuata lishike. Tabaka la mwisho peke yake ndilo hutiwa nta ya parafini iliyoyeyushwa kwenye staireni. Nta hupanda juu na kuziba hewa. Usiitie kwenye matabaka ya katikati, maana litakalofuata halitashika na ganda litakuja kuachana lenyewe.

Kama kitambaa kinazidi kunata na sarafu inazama, rezini haijakomaa mpaka ndani. Sababu ni moja kati ya hizi: hadena ilikuwa pungufu au haikukorogwa mpaka pembeni na chini ya kopo; usiku ulikuwa wa baridi; au kalibu ilikuwa na maji. Ya tatu ndiyo naikuta zaidi. Plasta inaonekana kavu juu ikiwa bado imebeba maji ndani, na unyevu huzuia poliesta. Ishike kwa shavu lako. Ikiwa ya baridi kuliko hewa, bado inatoa maji. Kiangazi cha huku ni zawadi kwa kazi hii: siku kadhaa za jua na upepo wa Agosti hukausha kalibu nene bila tanuri. Masika usijidanganye, iweke ndani karibu na joto la wastani na uipe muda mrefu. Ikikauka ndipo uizibe vinyweleo kwa vanishi ya shelaki au sandingi sila, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke.

Ganda ambalo halijakomaa linaweza kuokolewa kama hadena ilikuwa ndani ya kiwango. Lipeleke kwenye joto la nyuzi 40 hivi, chini ya bati mchana, likiwa bado ndani ya kalibu, siku moja au mbili. Kama hadena haikutiwa kabisa, futa, osha kwa asetoni, uanze upya. Kupaka rezini mpya yenye hadena nyingi juu ya ile mbichi hakutibu chochote. Inafunika tu tatizo, na siku ya rangi litatokea.

Rezini imeganda kwenye kopo, imechemka, imepasuka

Ulichanganya nyingi mno, au uliifanyia juani. Rezini ikiwa nene inajichemsha yenyewe. Kilo moja kwenye ndoo ndogo inaweza kutoa moshi. Changanya gramu 200 au 300 kwa mara moja, na umwage kwenye chombo kipana kifupi ili joto lipate pa kutokea. Ile iliyoanza kuchemka itoe nje, iweke mchangani, mbali na asetoni.

Nyufa ndefu kwenye kichwa cha sangara au mzizi wa mkia zina chanzo hichohicho: fundi alijaza unene wote kwa pigo moja. Jenga tabaka mbili za mkeka wa nyuzi za kioo wa gramu 300 kwa mita ya mraba, acha zigande na zipoe, kisha endelea.

Jelikoti imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka

Staireni ya rezini ya nyuma imeila. Jelikoti ilikuwa nyembamba, au haikuwa imekomaa ulipoanza kuweka mkeka. Inatakiwa unene wa karibu nusu milimita, sawa kila mahali, na hasa kwenye ncha za magamba na pembe za mdomo ambako brashi huburuta na kuacha wembamba. Paka mara mbili, ya pili baada ya ya kwanza kushika. Iguse kwa kidole chenye glavu pale pembeni: inanata lakini haihamii kwenye glavu. Wakati huo ndio wa mkeka. Ukiiacha siku nzima kwenye vumbi, nayo inaanza kukataa kushikana na tabaka la nyuma.

Eneo lililojikunja likiwa dogo, kwangua, jaza kwa jelikoti yenye hadena, na uchonge magamba upya kwa kisu chembamba. Likiwa kubwa kuliko kiganja, vunja ganda. Nimeona watu wakitumia muda kulichonga kuliko ule wa kutoa jingine, na bado samaki akaonekana mgonjwa.

Matundu chini ya magamba

Gonga ganda taratibu kwa kucha. Panapotoa sauti tupu pana hewa nyuma ya jelikoti, na jua likipiga patapasuka. Mkeka wa gramu 450 haukai kwenye pembe kali za pezi na shavu. Unarudi juu na kuacha pengo. Kata mkeka wa gramu 300 vipande vidogo, uraruliwe kingo kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi ili nyuzi ziingiliane, na kabla ya mkeka jaza pembe kali kwa rezini iliyokorogwa na poda ya talki mpaka ikawa nzito. Loweka mkeka kwa brashi ya kugonga, si ya kupaka, mpaka weupe wa nyuzi upotee kabisa. Panapobaki peupe ni hewa, au ni rezini haijafika. Kwa uzito, rezini iwe kama mara mbili hadi mbili na nusu ya nyuzi. Ikizidi hapo samaki atakuwa mzito na mwepesi kuvunjika, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka aanguke.

Ganda halitoki kwenye kalibu

Kabla hujashika nyundo, tambua limeshikwa na nini. Kama kingo zote zinacheza lakini sehemu moja imegoma, kuna mahali kalibu imeingia nyuma ya samaki: chini ya kifuniko cha shavu, ndani ya mdomo, au nyuma ya pezi la kifuani. Hilo lilitakiwa lizibwe kwa udongo wa mfinyanzi kabla ya kumwaga plasta, na mstari wa kugawa kalibu upite katikati kabisa ya mgongo na tumbo. Sasa huna njia ila kuvunja plasta kipande kwa kipande. Kalibu imekufa, samaki amepona. Ukitarajia kutoa nakala zaidi ya moja, tumia mpira wa silikoni kwa tabaka la ndani na plasta iwe ganda la nje la kuubeba. Gharama ni kubwa, lakini mpira unajipinda na kutoka kila mahali. Silikoni hujishika yenyewe, kwa hiyo kati ya nusu ya kwanza na ya pili paka vaselini.

Kama hakuna kinachocheza popote, ilikosekana nta, au vanishi ya kuziba vinyweleo haikukauka. Kwenye kalibu mpya paka nta mara nne au tano, ukisugua kila mara, kisha tabaka jembamba la PVA, kimiminika kinachokauka kuwa utando wa kuachanisha, kwa sponji. PVA huyeyuka kwenye maji. Penyeza maji ya uvuguvugu pembeni, subiri, kisha ingiza kabari za mbao au plastiki. Kompresa yenye ncha nyembamba husaidia kuliko mkono wenye hasira.

Nusu mbili hazikutani, mwili umepinda

Ganda lilitolewa mapema. Rezini inaendelea kusinyaa kwa siku kadhaa baada ya kuganda, na ganda lililotoka likiwa na uvuguvugu linasinyaa bila kitu cha kulishikilia. Liache ndani ya kalibu usiku mzima, au ukiweza unga nusu mbili zikiwa bado ndani ya kalibu zake: funga kalibu kwa mipira ya baiskeli, pitisha ukanda wa mkeka kwa ndani kupitia tundu la upande wa ukutani. Ganda lililokwisha kupinda hulainika kidogo kwa maji ya moto. Libane kwenye ubao wenye umbo lake mpaka lipoe.

Kujaza ndani kwa povu kuna mtego mmoja. Povu la polistaireni, lile jeupe la kufungia televisheni, huyeyushwa na staireni ya rezini mara moja na kuacha tundu. Tumia povu la poliyurethani. Na ukilimwaga lote kwa pamoja ndani ya ganda jembamba, linapovimba linasukuma tumbo nje na unapata samaki mwenye mimba. Kidogo kidogo, na tundu la kupumulia liwepo.

Mapezi na sharubu

Mapezi yaliyotoka pamoja na mwili kwa faiba ya kawaida huwa manene na hayapitishi mwanga. Yatoe peke yake, kwenye kalibu ndogo ya silikoni, kwa epoksi isiyo na rangi na kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo ndani. Epoksi sio poliesta. Uwiano wa A na B ni ule ulioandikwa, haubadilishwi kwa ajili ya baridi. Kumbuka pia epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyokomaa na kusuguliwa, ila poliesta juu ya epoksi haikomai vizuri wala haishiki. Mpangilio wa kazi uufuate huo.

Pezi likipinda baada ya siku chache lilitolewa kabla halijakomaa, au lilitundikwa juani. Kambale ana pezi la mgongo refu linaloanzia nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia bila kukatika, na likipinda linaonekana kutoka mlangoni.

Sharubu za kambale ni jozi nne, yaani nane. Hesabu, kwa sababu nakala nyingi nilizoziona zina sita au nne. Za rezini tupu hukatika siku ya kwanza ya kufuta vumbi. Tumia waya mwembamba wa shaba uliovikwa mpira au silikoni, mzizi wake uingie sentimita mbili ndani ya kichwa. Ncha yake iwe nyembamba kuliko shina.

Rangi

Vishimo vya mviringo ambamo rangi inakimbia na kuacha ganda wazi vinatokana na mafuta, silikoni au nta. Kupiga rangi nyingi zaidi hakuvifuniki. Futa rangi yote ikiwa mbichi. Osha ganda kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili PVA itoke, kisha kwa tina na kitambaa safi kinachogeuzwa kila mara ili nta itoke. Msasa ufuate baada ya kuosha. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo. Namba 320 inatosha, kwa mkono, polepole juu ya magamba. Angalia pia kompresa: maji na mafuta yakikusanyika kwenye tangi hutoka pamoja na rangi. Na kama kuna anayepaka silikoni ya kung'arisha dashibodi za magari kwenye karakana hiyohiyo, kazi yako haitapona mpaka mmoja wenu ahame.

Rangi inayobanduka kwa utepe wa gundi ina sababu ileile, au praima ilirukwa.

Vumbi. Kiangazi upepo wa Dodoma unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati. Piga asubuhi mapema, mwagia sakafu maji saa moja kabla, vaa nguo iliyofutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Chumba kidogo chenye chandarua mlangoni kinatosha, alimradi kuna njia ya hewa kutoka.

Masika mambo yanageuka. Kliya, ile rangi ya juu isiyo na rangi, inakauka ikiwa na ukungu mweupe. Tina inapokauka haraka hupoza uso, na unyevu wa hewa unatua ndani ya rangi. Subiri mvua ipite, pasha chumba, na utumie tina inayokauka polepole. Ukungu mwepesi huondoka ukipuliza tina hiyo peke yake kidogo juu yake. Kliya ya magari ya kuchanganya na hadena yake ina aisosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tumia ile ya kemikali yenye vichujio vya mkaa, visivyopitwa na wakati, na milango iwe wazi.

Kisha kuna tatizo ambalo halina kemikali: samaki hafanani. Ganda ni zuri, rangi imeshika, lakini mvuvi akimwangalia anakaa kimya. Mara nyingi ni kwa sababu alipakwa rangi kutoka kwenye kumbukumbu, au kutoka kwa samaki wa sokoni. Samaki aliyekufa hupoteza rangi ndani ya dakika chache. Perege pale soko la Majengo amekwisha kuwa wa kijivu, ilhali akitoka majini ana kijani, na dume wakati wa kuzaliana huwa na rangi kali kabisa. Dai picha zilizopigwa mara tu baada ya kuvuliwa, kivulini, pande zote mbili, moja ya kichwa peke yake. Anza na tumbo jeupe, panda pembeni kwa unga wa lulu mwembamba, ukimalizia na mgongo. Tabaka nyingi zinazopitisha mwanga huleta uhai. Moja nene huleta sanamu ya plastiki. Kambale usimng'arishe magamba, hana hata moja. Madoa yake hayana kingo, yanaingiliana, na kichwa chake cha mfupa kina chembechembe ambazo kliya nyingi inazizika. Mwache kichwa kikiwa na mng'aro hafifu kuliko mwili.

Jicho la sangara lina mboni nyeusi iliyozungukwa na duara la njano angavu. Likikosewa, kila kitu kimekosewa. Jicho la kioo liingizwe kutoka ndani kabla ya kuunga nusu mbili, lielekee mbele na chini kidogo, si pembeni moja kwa moja.

Baada ya kutundikwa

Ameanza kuwa njano: jua la dirishani. Poliesta hubadilika rangi kwa mionzi ya jua, na kliya yenye kinga yake hupunguza kasi tu. Mhamishe ukuta.

Nyufa nyembamba kama nywele kwenye mzizi wa mkia: ganda ni jembamba hapo na samaki ananing'inia kwa skrubu moja ya katikati. Mshushe, ongeza mkeka kwa ndani, na uingize kipande cha mbao ngumu kilichozungushiwa faiba katikati ya mwili kabla ya kufunga tundu la nyuma. Skrubu mbili ziingie kwenye mbao hiyo, moja karibu na kichwa na nyingine theluthi moja ya mwili kutoka mkiani. Ukuta ukiwa wa tofali la saruji weka fisha za plastiki za milimita 8. Ukiwa wa tofali la kuchoma la kienyeji linalomeguka, toboa pana zaidi, jaza saruji, na usimtundike mpaka ikauke.